Kobe wa Nyumbani Anapotolewa Besenini

UKURASA WA AFYA
Na mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji, Ufipa



Leo tutasoma habari za kobe. Najua utacheka. Utasema mganga ameishiwa habari za malaria na minyoo, sasa anatuletea kobe. Hata mimi zamani ningecheka. Lakini yupo mtoto mmoja katika kijiji nilichopangiwa kazi, ambaye amenifundisha jambo nisilolifikiria siku nilipopewa cheti changu. Kaa vizuri. Kama jirani yako hajajua kusoma, msomee kwa sauti.

Mtoto huyo ni wa kike, umri wake miaka 2. Mama yake alimleta zahanati akiharisha. Alikuwa na homa na tumbo lilikuwa likimsokota. Nilimpa maji ya ORS na vidonge vya zinki, akapata nafuu. Baada ya majuma 3 akarudishwa. Kuhara kule kule, homa ile ile, na safari hii kinyesi kilikuwa na damu.

Nilimtazama mama yule kwa ukali. Nilimwuliza kama anacho choo. Nilimwuliza kama anachemsha maji. Kisha nikamwambia, mbele ya akina mama wengine waliokaa kwenye benchi, kwamba uchafu wa nyumba yake ndio unaomwumiza mtoto. Mama hakujibu. Aliinamisha kichwa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni. Kwa kuwa mtoto alikuwa na homa na alikuwa anahara damu, niliwaandikia barua waende kituo cha afya. Walikwenda, mtoto akatibiwa, akapona.

Siku chache baadaye nilikwenda kumtazama nyumbani kwao. Nilikuta nyumba ya matofali ya kuchoma, na uwanja umefagiliwa. Choo kilikuwa na mfuniko. Nje ya choo kilining'inia kibuyu chirizi, na sabuni ilikuwapo. Maji ya kunywa yalikuwa yamechemshwa na kufunikwa. Niliona aibu. Mama huyu alikuwa anafanya yote ninayoyafundisha, na mimi nilimgombeza mbele ya watu.

Nilipotaka kuaga nilisikia kitu kikikwaruza jikoni. Kaka yake mtoto, kijana wa darasa la nne, alikimbia akasimama mlangoni kama mtu anayezuia ng'ombe. Nilimwomba anionyeshe alichoficha. Alisita, kisha akasogea. Ndani ya beseni la plastiki alikuwamo kobe wa maji, ukubwa wake kama kisahani cha chai. Mjomba wao huteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni kununua samaki wa Ziwa Rukwa. Ndiye aliyemleta, ndani ya dumu lililokatwa.

Kila siku kijana akitoka shule humtoa kobe besenini, akamwacha atembee jikoni. Alichagua jikoni kwa sababu kuna joto. Mtoto mdogo hutambaa pamoja naye. Humshika, humbusu, humpa tonge la ugali, kobe akilikataa yeye hulila. Na lile beseni? Maji yakimwagwa, husuuzwa likaoshewa mboga.

Zahanati yetu haina kipimo cha kuotesha vijidudu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kobe ndiye aliyeleta maradhi yale. Lakini tangu kobe alipohama jikoni, na beseni lake likatengwa, mtoto hajaharisha tena. Siku ya kliniki nilimwomba radhi mama yule, mbele ya akina mama wa benchi lile lile. Alicheka tu, akasema, "Haya mganga, sasa tufundishe habari za kobe." Ndiyo maana naandika.

KOBE HAUMWI, LAKINI ANABEBA

Ndani ya matumbo ya kobe wengi huishi vijidudu viitwavyo salmonela. Vijidudu ni viumbe vidogo sana, macho yetu hayawezi kuviona. Kobe mwenyewe haumwi. Anakula, anatembea, macho yake yanang'aa. Lakini vijidudu hutoka katika kinyesi chake. Kobe anayekaa besenini hujisaidia katika maji yale yale anayoogelea. Basi vijidudu huenea kwenye maji, kwenye gamba, kwenye miguu, na kwenye ukingo wa beseni. Ukimshika vinahamia mikononi. Ukila bila kunawa, umevimeza.

Tena havitoki kila siku. Leo vinatoka, kesho havitoki, keshokutwa vinatoka tena. Kwa hiyo usiseme, "Kobe wangu nimeishi naye mwaka mzima, ni msafi." Kumsugua kobe kwa sabuni hakusaidii, maana vijidudu viko tumboni, na sabuni inamwumiza. Mijusi, kuku na vifaranga nao hubeba vijidudu hivi. Tofauti ni kwamba kifaranga hatumwogeshi katika beseni la mboga.

Hapa naomba usichanganye mambo. Taifodi, yaani homa ya matumbo, huletwa na kijidudu cha ukoo huo huo, lakini chenyewe hutoka kwa binadamu tu. Huwezi kuambukizwa taifodi na kobe. Maradhi ya kobe ni ya kuhara, homa na tumbo kusokota. Huanza baada ya saa 6 mpaka siku 6 tangu kumeza vijidudu. Mtu mzima mwenye afya huumwa siku 4 mpaka 7, akapona. Hatari iko kwa watoto walio chini ya miaka 5, wazee, akina mama wajawazito, na watu wenye virusi vya UKIMWI. Kwao vijidudu vinaweza kutoka tumboni vikaingia kwenye damu. Mtoto aliyedhoofika kwa malaria au kwa utapiamlo anaweza kufa.

Jambo hili halikuanza Ufipa. Huko Marekani watu walikuwa wakinunua kobe wadogo dukani kuwa vitu vya kuchezea watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba watu 280,000 kwa mwaka walikuwa wakiugua kwa sababu ya kobe hao. Mwaka 1975 serikali yao ilipiga marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafikia inchi 4, yaani sentimeta 10. Kwa nini kobe mdogo? Kwa sababu kobe mdogo anaingia kinywani mwa mtoto. Hata hivyo wapo waliouza kwa siri. Mwaka 2007, katika jimbo la Florida, mtoto mchanga wa majuma machache alifariki kwa salmonela iliyotoka kwa kobe wa nyumbani. Mtoto wa umri ule hawezi hata kutambaa. Vijidudu vililetwa na vitu au mikono ya watu wengine. Neno hilo likumbuke.

KWANZA MJUE KOBE WAKO

Watoto wengi huku kwetu hukosea mwanzoni kabisa. Wakimwona kobe yeyote humtia majini. Kuna kobe wa nchi kavu na kobe wa maji, na hawa hawafanani.

Kobe wa nchi kavu ana gamba lililoinuka kama chungu kilichofunikwa. Miguu yake ni minene kama ya tembo. Huyu hajui kuogelea. Ukimtia katika beseni lenye maji mengi atakufa maji. Mara nyingi watoto humwokota wakati wa kiangazi, nyasi zinapochomwa naye anakimbia moto. Kobe wa maji ana gamba bapa, na vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Akiogopa haingizi kichwa moja kwa moja ndani, huikunja shingo ubavuni. Wengine hutoa harufu mbaya wakishikwa. Hawa ndio wa Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika, mito na malambo.

Kobe wa aina zote mbili hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi. Hupata joto kutoka kwenye jua. Asipoota jua hali vizuri, na chakula hukaa tumboni bila kusagika. Ziwa Rukwa liko meta 800 hivi juu ya bahari, na Sumbawanga iko karibu meta 1,800. Sasa mfikirie kobe wa bondeni aliyepandishwa huku mwezi wa Juni, upepo unavuma, sisi wenyewe tunavaa makoti. Yule kijana hakuwa mjinga. Aliona kobe wake anapoa, akampeleka penye joto. Kosa lake lilikuwa kuchagua jiko.

MAHALI PA KUMTOLEA

Mtoe nje, usimtoe ndani. Chagua mahali mbali na jiko, mbali na kisima, mbali na bustani ya mboga. Pia pawe mbali na uwanja wa kuanikia ulezi na mahindi. Kobe hachagui pa kujisaidia. Akipita juu ya ulezi uliotandazwa, hutajua.

Jenga kizizi kidogo kwa matofali au fito. Kiwe na nusu ya jua na nusu ya kivuli. Kivuli si anasa. Jua humpa kobe uhai, lakini jua hilo hilo humwua akikosa pa kukimbilia. Wako watu waliomwacha kobe katika beseni juani asubuhi, wakarudi adhuhuri wamkute amekufa. Maji machache ya beseni hupata moto upesi. Mguse gambani: ukiona pana joto la kuchoma kiganja, mwondoe haraka. Kwa hali ya huku juu, saa 3 hadi saa 5 asubuhi ni wakati mzuri. Miezi ya Juni na Julai subiri jua lipande. Siku ya mvua au ya upepo mkali mwache apumzike.

Kobe wa maji akitolewa saa moja inatosha, kisha arudi majini, maana kula kwake ni majini. Kobe wa nchi kavu hana haja ya beseni. Akae kizizini mchana, umwekee maji ya kunywa katika kisahani kifupi, na usiku alale mahali pakavu pasipopita upepo. Fukia matofali ya chini kidogo, maana yeye huchimba. Juu funika kwa fito au wavu. Kunguru na mwewe humchukua kobe mdogo, mbwa humtafuna kama mfupa, na nguruwe hali kadhalika. Kagua siafu kabla hujamweka. Usimwachie majani ya maharage yaliyopuliziwa dawa ya wadudu.

Sasa nataka niseme juu ya kamba. Nimeona kobe aliyetobolewa tundu ukingoni mwa gamba, akafungwa kamba asipotee. Aliyefanya hivyo alidhani gamba ni kama ukucha. Si kweli. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai. Limeungana na uti wa mgongo na mbavu, lina damu, na linasikia maumivu. Ukilitoboa umemtoboa mfupa, na kidonda hicho huoza. Kumfunga mguu nako ni kubaya, kamba hukata nyama. Kizizi cha matofali 20 hakina gharama.

Usimwache kobe peke yake kabisa. Akipinduka chali juani anaweza kufa. Na usimwinue juu kumwonyesha wenzako. Gamba likianguka kwenye jiwe hupasuka. Mshike kwa mikono miwili, karibu na ardhi.

MIKONO NA BESENI

Mtoto aliye chini ya miaka 5 asimshike kobe. Najua ni vigumu. Mtoto hulia. Basi atazame kwa mbali, akiwa mikononi mwa mkubwa. Mkubwa atakayemshika kobe asile, asinywe, asivute sigara, asishike nyonyo wala kikombe cha mtoto kabla hajanawa. Anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asugue viganja, migongo ya mikono na kati ya vidole, huku akihesabu polepole mpaka 20. Sabuni ikikosekana, tumia majivu. Hata ukiwa umegusa beseni tu, nawa. Mtoto wa Florida tumekwisha msoma.

Mama anayenyonyesha, au anayepika, afadhali kazi ya kumtunza kobe amwachie mtu mwingine mkubwa mwenye afya.

Beseni la kobe liwe la kobe. Lisiogeshe mtoto, lisioshe vyombo, lisioshe mboga. Kulisuuza hakutoshi. Wewe uliyejifunza kuandika katika darasa la kisomo, chukua rangi au msumari wa moto, andika ubavuni mwa beseni neno KOBE kwa herufi kubwa. Asiyejua kusoma mchoree picha. Beseni lisafishiwe nje, si jikoni. Maji machafu yamwagwe chooni au katika shimo, yasimwagwe njia ya kisima wala kwenye mchicha. Aliyemwaga anawe.

Jikoni, kobe haingii hata siku moja. Kama ameshaingia, osha sakafu na vyombo kwa maji na sabuni, kisha vimwagie vyombo maji yaliyotokota.

MTOTO AKIHARA

Usingoje kujua kama ni kobe au si kobe. Kinachomwua mtoto anayehara ni kupungukiwa maji mwilini. Koroga pakiti 1 ya ORS katika lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, hasa kila baada ya kuhara. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Huna pakiti? Chukua lita 1 ya maji hayo, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima, usikisie. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula. Zahanati utapewa vidonge vya zinki. Vimalize kwa siku zote ulizoambiwa, hata kama kuhara kumekoma.

Njoo zahanati upesi, hata usiku, ukiona damu katika kinyesi, homa kali, macho yamedidimia, mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, hakojoi, au amelegea na haamki vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayehara aletwe bila kungoja dalili yoyote. Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani ukampa kwa kukisia. Dawa hizo si za kila kuhara, na zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea. Na ukifika, mwambie mganga kama nyumbani kuna kobe, vifaranga au mnyama mwingine. Mganga asipouliza, mwambie wewe. Mimi sikuuliza.

KUHUSU SHERIA

Msomaji mmoja aliyeona rasimu ya somo hili aliniambia, "Mganga, unafundisha watu kufuga kobe?" Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyama wa porini akamfuga nyumbani bila kibali. Kobe naye yumo. Usiende kutafuta wa kufuga, wala usimtume mjomba. Wanaotaka kuwaona kobe wakubwa wanaweza kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, walikoletwa kobe kutoka Shelisheli mwaka 1919. Huko pia, ukishawagusa, nawa.

Lakini nikikaa kimya kwa sababu ya sheria, watoto walio na kobe leo wataendelea kula nao jikoni. Mimi si askari. Kazi yangu ni tumbo la mtoto. Kama kobe yupo nyumbani, zungumza na serikali ya kijiji, wakupeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Usimtupe kisimani usiku ili kukwepa maneno. Wala usimwachie popote tu: kobe wa bondeni akiachwa huku juu kwenye baridi huenda asiishi. Mpaka ofisa atakapoamua, fuata niliyoyaeleza hapo juu.

Ndivyo tulivyofanya kwa kijana wetu. Kwanza baba yake alitaka kumpiga kobe kwa jembe. Mama yule yule niliyemgombeza ndiye aliyemzuia. Alisema, "Hakujileta mwenyewe." Kijana alijenga kizizi nyuma ya zizi la mbuzi, kwa matofali 18, akaandika KOBE kwenye beseni. Ofisa alipopata habari alimwagiza mjomba amrudishe bondeni katika safari yake ya samaki, mahali alipomwokota. Kijana aliomba aende naye. Walishuka Jumamosi alfajiri, kobe akiwa katika dumu lile lile lililokatwa, kijana amelikumbatia njia nzima. Jumatatu alipita zahanati akitoka shule kuniambia kwamba kobe aliingia majini bila kugeuka nyuma. Nilimwuliza kama alinawa mikono. Alisema alinawa ziwani, lakini sabuni hakuwa nayo. Nilimwonyesha karo yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Nyumba ina beseni moja tu, na kobe yumo. Leo jioni mama anataka kuosha mboga. Mtafanyaje?
2. Kizizi cha kobe kiwekwe wapi katika kiwanja chako? Chora ramani ya kiwanja, uonyeshe jiko, kisima, choo, bustani na mahali pa kuanikia nafaka.
3. Jirani anasema gamba ni kama ukucha, halina maumivu. Utamweleza nini?
4. Pimeni pamoja sukari, chumvi na maji ya lita 1. Kila mmoja aonje. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwageni mpime upya.